Kinga ya chini ya Escudo kwa bajeti ndogo: shajara ya mradi

11 Januari 2025. Kusoma alama za chini

Gari ni Suzuki Escudo ya 2007, petroli, lita 2.0, inayovuta magurudumu yote manne na yenye gia nzito. Bajeti ni KSh 25,000, vifaa na ufundi pamoja. Lengo ni kukinga zile sehemu ambazo zikipasuka huko porini gari halirudi Nairobi kwa nguvu zake. Nitaongeza maelezo hapa kila hatua inapoisha, na bei zake, ili mwenye gari la namna hii afuate kilichofaulu na akwepe kilichonishinda.

Escudo ya kizazi hiki ina chesisi iliyounganishwa ndani ya bodi, na kila gurudumu linacheza peke yake. Barabarani ni raha tupu. Kwenye mawe kuna gharama yake: difu (ganda la gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia) imefungwa kwenye gari, haipo kwenye ekseli moja na magurudumu kama ya Suzuki Jimny, kwa hiyo springi zikibonyea difu inashuka pamoja na gari. Zile milimita 200 za nafasi ya chini zinazotajwa kwenye karatasi ni za gari tupu lililosimama. Watie watu wanne, maji na hema, kisha lishushe kwenye korongo, uone zimebaki ngapi.

Kabla ya kuuliza bei yoyote nililiosha gari chini kwa maji ya presha, nikalipeleka juu ya shimo la gereji, nikashuka na tochi na chaki. Kila mkwaruzo niliuzungushia chaki, kila mbonyeo nikautia msalaba. Kazi hii haikugharimu kitu, na ndiyo iliyoamua karibu yote yanayofuata. Picha ikajitokeza yenyewe. Kiunzi cha mbele kinachobeba mikono ya chini ya magurudumu kimekwaruzwa sana. Ukingo wa mbele wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, una alama mbili zinazong'aa. Difu ya mbele ina kovu refu, na ganda lake ni la alumini. Daraja la giaboksi, yaani chuma cha kukingama kinachoibeba, limeguswa. Kiungo cha ekzosi kina alama nyingi kuliko vyote, tena kimebonyea. Ile kinga ya plastiki iliyokuja na gari imebaki nusu, tena imefungwa kwa waya. Tangi la mafuta halina mkwaruzo wowote, na difu ya nyuma ina michoro ya juujuu tu.

Ukihesabu alama pekee utapotea njia, maana ekzosi ndiyo inayoongoza. Lakini ekzosi ikipasuka utapata kelele na moshi, na bado utafika Ngong. Sampu ikipasuka oili inaisha kwa muda mfupi sana, na ukiendelea kuendesha unaua injini. Kwa hiyo nimepanga kwa swali moja: hiki kikivunjika, nalala wapi? Jibu linanipa sampu, difu ya mbele, kisha giaboksi na transfa (ganda la gia zinazogawa nguvu kwenda mbele na nyuma). Tangi na nyuma ninaviacha.

Kuna watakaosema funika gari lote. Magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, hukingwa chini vizuri sana, na wana sababu: pale anashinda aliyefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hiyo dereva anakata moja kwa moja juu ya mawe. Mimi naenda Suswa na kuteremka upande wa Magadi na Nguruman, kwenye njia zilizokwisha kupitwa na wengine. Kila kilo ninayoongeza chini naibeba pia Thika Road siku za kazi.

18 Januari. Kuulizia bei

Nimezunguka Kirinyaga Road, Industrial Area na Kariobangi Light Industries. Njia zilizopo ni nne.

Ya kwanza ni kuagiza bamba lililotengenezwa nje mahsusi kwa gari hili. Ukijumlisha usafiri na ushuru, bajeti yangu haigusi hata nusu ya bei hiyo. Nikaifuta.

Ya pili ni alumini ya 6 mm. Hii niliifikiria sana, kwa kuwa hesabu yake ni nzuri. Mita moja ya mraba ya alumini ya 6 mm ina takriban kilo 16. Chuma cha 4 mm ni kilo 31. Pamoja na wepesi huo, alumini hiyo inapinda kwa shida kuliko hicho chuma. Zilizoniondoa ni sababu tatu. Bei ya bamba lake peke yake ingemeza bajeti. Kuichomelea kunahitaji mashine ya gesi ya agoni na fundi aliyeizoea, ilhali chuma kikipasuka Kajiado kuna mtu wa kukichomelea Kajiado. Na ya tatu, ambayo watu wengi hawaitaji: maji ya magadi. Alumini hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksaidi, na ngozi hiyo huyeyuka kwenye alkali kali. Matope ya kando ya Ziwa Magadi ni alkali kali. Mtu asiyefika huko hana haja ya kuogopa hilo, lakini mimi nafika.

Ya tatu ni chekapleti, lile bamba lenye vinundu linalowekwa kwenye ngazi na sakafu za malori. Linapatikana kila mahali na linavutia macho. Nawasihi msiliweke vinundu vikiangalia chini. Kinga inatakiwa kuteleza juu ya jiwe, na vile vinundu viliundwa kuzuia kuteleza.

Ya nne ni chuma cha kawaida, ama kikiwa kimeshatengenezwa, ama ukitengeneze mwenyewe. Nimeanza na kilichotengenezwa kwa sababu ni rahisi: bamba la 2 mm, "linaingia gari zote", KSh 5,500.

25 Januari. Bamba la 2 mm halikufaulu

Lilifungika bila tabu, na kwa macho lilipendeza. Kisha nikalipa jaribio ambalo namwomba kila mtu alifanye kabla ya kuliamini bamba lake.

Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma, weka stendi mbili chini ya chesisi zikiwa zimeachwa nafasi ndogo. Weka kipande cha mbao juu ya jeki ya magurudumu, uingize chini ya bamba usawa wa sampu, upandishe taratibu. Bamba zuri litainua pua ya gari bila kugusa kitu kilicho juu yake. Usiingize mkono wala kichwa chini wakati huo. Kujua kama limegusa, bandika donge la udongo wa mfinyanzi juu ya bamba kabla ya kulifunga. Likishuka, tazama donge limebaki na unene gani.

Gari hili lina zaidi ya kilo 1,500, na zaidi ya nusu iko mbele. Bamba la 2 mm lilijikunja kama kiganja na kulibana donge likawa karatasi kabla tairi halijaachana na ardhi. Maana yake ni kwamba jiwe la kwanza la maana lingeisukuma sampu kupitia bamba.

Sababu iko kwenye unene. Uwezo wa bamba kukataa kupinda haupandi sambamba na unene wake, unapanda kwa unene huo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kutoka 2 mm hadi 4 mm bamba linakuwa gumu mara 8, na uzito unaongezeka mara 2 tu. Hata kutoka 3 hadi 4 ugumu unazidi mara 2. Mkunjo nao una nguvu zake: ukikunja kingo za kando kwenda juu sentimita 4, unapata ugumu ambao usingeupata kwa kuongeza unene wa milimita moja.

Bamba hilo nimemwuzia KSh 3,000 jirani mwenye gari la mjini anayetaka tu kuzuia maji na kokoto. Nilimweleza wazi kwamba halihimili mawe.

8 Februari. Kiolezo, vishikio, kukata na kukunja

Uamuzi: mabamba mawili. La mbele ni chuma cha 4 mm, sentimita 70 kwa 62, linakinga sampu na difu. La pili ni 3 mm, sentimita 58 kwa 60, linakinga giaboksi na transfa. Yote mawili yana kama kilo 22 kabla ya vishikio. Vipande vya mabaki vilivyopimwa kilo 26 nimevinunua KSh 140 kwa kilo, jumla KSh 3,640. Mabaki yakaguliwe kwanza: weka rula juu yake, kipande kilichojipinda ukikatae.

Kiolezo nimekikata kwa kadibodi ya kasha la friji, nikakibandika chini ya gari kwa gundi ya karatasi na kukirekebisha mpaka kila bolti ikaonekana. Fanyeni hivi hata kama fundi atasema anaweza kupima kwa macho.

Muda mwingi umekwenda kwenye vishikio, na ilistahili. Bamba la 6 mm lililofungwa mahali dhaifu ni hatari kuliko la 3 mm lililofungwa vizuri, kwa sababu pigo lote la jiwe linaishia pale bolti zilipo. Usilifunge bamba kwenye giaboksi wala kwenye sampu yenyewe. Utakuwa umelipeleka pigo ndani ya ganda unalotaka kuliokoa. Mbele nimetumia matundu yaliyopo kwenye kiunzi, yenye nati zake ndani. Kati nimetengeneza braketi mbili za anglaini (chuma chenye umbo la pembe), KSh 900, zinazokaa kwenye chesisi. Nyuma bamba la pili linashika daraja la giaboksi. Hakuna nilichochomelea kwenye gari. Moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya ndani ya chesisi ambako huwezi kufika na brashi, na kutu huanzia huko. Kama huna budi kuchomelea kwenye gari, ondoa kwanza waya za betri ili umeme usipite kwenye kompyuta yake.

Tena, bamba lisianzie kwenye bampa. Pua ya gari imeundwa ijikunje wakati wa ajali, na bamba nene lililofungwa kutoka bampa hadi kiunzi litaizuia. Langu linaanzia nyuma ya bampa, limeinuka mbele kwa mwinamo wa digrii kama 35 ili jiwe lipande juu yake badala ya kuligonga.

Kukunja kulinipeleka sehemu mbili. Wa kwanza alitaka kuchora mfereji kwa grainda, akunje kwa nyundo, kisha ajaze kwa kuchomelea. Nilikataa, kwa kuwa hapo anakata nusu ya unene pale pale panapobeba mzigo. Wa pili, Industrial Area, ana mashine ya kukunjia, na ananitoza KSh 300 kwa mkunjo. Aliponiona nimechora kona kali akasema, "Mkubwa, kona hii ukiitaka kali hivi chuma kitachanika kwa nje. Wacha nikupe mviringo kidogo." Nilimwachia. Mikunjo sita, KSh 1,800, na kukata KSh 600.

Kuchomelea mbavu mbili ndani ya bamba la mbele na kumalizia braketi kulifanywa Kariobangi, KSh 3,500. Bolti ni za daraja 8.8 (kipimo cha nguvu ya chuma chake), M10 mbele na M8 nyuma, yaani unene wa milimita 10 na 8, pamoja na nati na washa pana, KSh 1,850. Namba 8.8 inagongwa juu ya kichwa cha bolti. Kama haipo, usiinunue kwa kazi hii.

22 Februari. Jaribio la jeki, limefaulu

Bamba la mbele limeinua pua ya gari. Donge la udongo lililokuwa na 25 mm limebaki na 17. Niliacha gari likae hapo dakika chache, nikalishusha. Bamba limerudi mahali pake bila alama. Furaha niliyoipata hapo ni ya kweli.

Tatizo ni kelele. Kuna mlio wa chuma kwa chuma kwenye kila tuta. Nimeweka vipande vya mpira kati ya bamba na vishikio, vya unene wa 8 mm, vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu na fundi wa akala pale Gikomba. Kelele imekwisha kabisa.

8 Machi. Bolti zimelegea

Mpira uliomaliza kelele ndio ulioleta hitilafu kubwa zaidi hadi sasa. Baada ya barabara ya vumbi iliyojaa mawimbi madogo madogo, nimekuta bolti tatu zimelegea na moja haipo.

Kinachofanya bolti ishike si kule kuzungushwa sana. Inashika kwa kuwa imevutika kidogo, na mvuto huo ndio unaobana. Ukiweka mpira katikati, mpira unaendelea kusinyaa siku baada ya siku, mvuto unapotea, na mtetemo unamalizia kazi. Kukaza tena hakusaidii, mpira utasinyaa tena.

Dawa yake ni rahisi. Nimekata vipande vya bomba la chuma vyenye urefu wa 7 mm, nikatoboa mpira na kukipachika kila kipande ndani ya tundu lake. Bolti inapita ndani ya bomba. Unapokaza, mpira wa 8 mm unabanwa milimita moja, inayotosha kuzuia mlio, kisha chuma kinakutana na chuma na bolti inapata mvuto wake kamili. Mpira na mabomba pamoja, KSh 400. Nimepiga pia mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bamba. Mstari ukikatika unajua bolti imezunguka, na huna haja ya spana kukagua.

22 Machi. Suswa: kurudi nyuma, na vichwa vya bolti

Tumepanda Suswa kutokea barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Njia ya kwenda kwenye kingo za bonde ina mawe ya volkano yenye makali, na vumbi laini linalofunika mashimo usiyaone. Kwenda mbele, bamba limefanya kazi yake vizuri kupita nilivyotarajia: unasikia jiwe likigusa, pua inapanda kidogo, gari linateleza na kuendelea. Bolti zote zimekaa.

Kurudi nyuma ndiko kulikotuonyesha kasoro. Gari lilipotakiwa kushuka kinyumenyume kutoka kwenye ngazi ya mwamba, ukingo wa nyuma wa bamba la pili ulijikita kwenye jiwe na gari likakwama. Ukingo ule ulikuwa umekatwa sawasawa na kuangalia nyuma. Wachungaji wawili vijana wa Kimaasai walitusaidia kupanga mawe chini ya tairi. Mmoja aliinama, akatazama, akasema, "Hii chuma imekata mdomo, mzee. Ikunje juu." Alikuwa amesema kweli.

La pili ni vichwa vya bolti. Vya mbele vilikuwa vimejitokeza chini ya bamba, na mawe yamevisaga mpaka vinne vimekuwa mviringo. Spana haishiki. Ilibidi vikatwe kwa grainda.

Marekebisho yamefanyika Kariobangi, KSh 2,200 pamoja na bolti mpya. Ukingo wa nyuma umekunjwa kwenda juu sentimita 3. Mabamba yamepangwa yalaliane: mwisho wa la mbele unapita chini ya mwanzo wa la pili kwa sentimita 5, hivyo ukienda mbele hakuna mdomo unaongojea jiwe. Kwa vichwa vya bolti, bamba lilipashwa moto hadi jekundu, kisha kila tundu likasukumwa kwenda juu kwa presi ya haidroliki ile ya kutolea bearingi, likawa kibakuli chenye kina cha 7 mm. Kichwa cha M10 kina 6.4 mm, kinazama chote. Angalizo: kibakuli kiwe na upana wa kuruhusu soketi ya 17 kuingia. Kimoja kilitoka chembamba, ikabidi kirudiwe.

26 Aprili. Mvua, matope na oili

Masika yameingia, na udongo mweusi wa tambarare za Kitengela na Isinya umelijaza bamba. Udongo ule hufura ukinyonya maji, na ukikauka unakuwa kama umemwagwa saruji. Nilitoa karai nzima juu ya bamba la mbele. Ni uzito usio na faida, na ni unyevu unaokaa kwenye chuma kwa majuma.

Nimekata nafasi za 15 mm kwa 60 kwenye sehemu za chini kabisa za bamba. Zimelazwa kufuata mwelekeo wa gari, zisiwe meno ya kushika mawe. Mpira wa maji ya presha sasa unaingia na uchafu unatoka.

Hili lina upande mwingine wa kiangazi ambao sitaki mtu aupuuze. Nyasi kavu hujikusanya juu ya bamba vilevile, na katalisti ya ekzosi (kile kisafisha moshi) huwa na joto la nyuzi mia kadhaa. Nyasi zikigusana na joto hilo gari linaweza kuwaka moto. Ndiyo maana mabamba yangu hayaifuniki ekzosi mahali popote, na baada ya kupita nyasi ndefu tunasimama, tunachungulia chini, tunang'oa.

Hofu ya injini kupata joto kwa kukosa hewa haikutimia. Nimetazama kisomaji cha OBD, kifaa kinachosoma takwimu za kompyuta ya gari, tukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi na gari limejaa. Maji hayakupita nyuzi 97.

Kumwaga oili: nilikuwa nimeacha tundu la mviringo la 50 mm chini kabisa ya plagi ya sampu. Oili ya moto haianguki wima, inaruka kwa upinde. Ilikosa tundu, ikatapakaa ndani ya bamba na kudondoka kila upande. Nimelirefusha tundu liwe 50 kwa 110 kufuata upande inakorukia. Kabla hujakata lako, fungua plagi mara moja bila bamba na utazame oili inaangukia wapi. Kazi hii na zile nafasi, KSh 700.

24 Mei. Magadi na rangi

Tumeshuka Magadi na kuvuka kuelekea Nguruman. Mabamba hayana tatizo la mawe. Habari iko kwenye rangi.

Niliulizia kuchovya kwenye zinki ya moto, inayofanywa Industrial Area. Birika lake lina takriban nyuzi 450, na bamba jembamba lenye mikunjo linaweza kupindika humo, halafu matundu ya bolti yasikutane tena. Sikuthubutu. Nilipiga praima ya zinki mipako miwili na rangi ya mafuta juu yake, KSh 1,600.

Uso wa chini umekwaruzwa, na kutu jepesi la rangi ya chungwa limejitokeza. Hilo halinisumbui, linasuguliwa na mawe kila safari. Uso wa ndani ndio wa kutunzwa, kwa sababu ndiko matope ya magadi yanakolala. Kwenye kona ya bamba la pili, ambapo praima ilikuwa nyembamba, kutu limeshaanza kuinua rangi. Nimelifungua, nikalikwangua, nikalipaka tena ndani peke yake mipako mitatu. Grisi imepakwa kwenye meno ya bolti ili zifunguke siku nyingine. Na ukitoka Magadi, osha gari siku hiyohiyo, kwa maji mengi, kuanzia chini.

14 Juni. Hesabu ilipofikia

Bamba la 2 mm lilinipotezea KSh 2,500 baada ya kuliuza. Chuma 3,640, anglaini 900, kukata na kukunja 2,400, kuchomelea 3,500, bolti 1,850, mpira na mabomba 400, marekebisho ya baada ya Suswa 2,200, nafasi za matope na tundu la oili 700, rangi 1,600. Jumla KSh 19,690, salio KSh 5,310. Ningeanza na 4 mm, vibakuli na kingo zilizokunjwa tangu mwanzo, karibu KSh 5,000 zingebaki mfukoni, na mtu anayeiga leo anaweza kuzibakisha.

Mistari nyeupe kwenye bolti za mbele haijakatika tangu Machi. Bolti moja ya M8 kwenye daraja la giaboksi ilizunguka robo. Nimebadilisha nati yake kwa ile yenye nailoni ndani.

Salio linakwenda kwenye kiungo cha ekzosi. Bolti zake mbili zinaning'inia chini kuliko daraja la giaboksi, na ndicho kitu pekee mbele ya ekseli ya nyuma kinachogongwa sasa. Fundi wa ekzosi anasema flanji (kisahani kinachounganisha mabomba) inaweza kuzungushwa ili bolti zikae pembeni, kisha kipande cha flatiba (ukanda bapa wa chuma) kilichoinama kichomelewe mbele yake kiwe njia ya kupandia jiwe. Tutaijaribu Julai, bomba likiwa limetolewa kwenye gari.